Siku Mzee Taratibu Alipokatazwa Kusema Sawa

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini, mtaani, hata kwa wakwe zake, aliitwa Mzee Taratibu, na jina lenyewe alilitolea jasho. Kwa karibu miaka thelathini aliendesha gari la ofisi, akabeba mabosi wa kila aina, wanene na wembamba, wapole na wenye midomo michafu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwagikiwa na chai ndani ya gari lake. Madereva wenzake walimtania kwamba konokono wakimkuta barabarani humpigia honi apishe. Yeye alicheka nao, akaendelea na mwendo wake uleule, na wengi wa waliomcheka walistaafu na makovu.

Watu hudhani kazi ya dereva ni kuendesha. Kuendesha ni kidogo sana. Kazi yenyewe ni kungoja. Bosi anaingia mkutanoni akisema natoka sasa hivi, na hiyo sasa hivi yake inaota ndevu. Dereva anangoja nje ya benki, nje ya hoteli, nje ya nyumba ambazo hatakiwi kuzitaja mbele ya mke wa bosi. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, lakini wahenga hao hawakuwahi kuajiriwa udereva. Tumbo la Mzee Taratibu lilishazoea. Aliweza kuketi nyuma ya usukani kutwa nzima bila redio wala gazeti, mikono imetulia mapajani, macho kwenye kioo cha pembeni, na mpita njia angeapa kwamba amelala. Hakuwa amelala hata kidogo.

Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ni neno moja. Kesho uje kabla jogoo hajaamka: sawa. Leo hakuna kula mchana, tumechelewa: sawa. Gari lina mkwaruzo, utakatwa kwenye mshahara, ingawa aliyelikwaruza ni shemeji wa bosi: sawa. Neno hilo lilimkaa mdomoni kama jino. Wala hakumaanisha kwamba amekubali. Ilikuwa njia yake ya kumaliza mazungumzo na watu wenye tai, na kwa mazoea likamtoka hata mbele ya wasio na tai. Fundi wa bomba akimtajia bei ya kuruka, sawa. Muuza viatu akimpiga mara mbili ya bei, sawa, na ahsante juu yake. Ndiyo maana nyumbani kwake kila kitu chenye bei, kuanzia kiberiti hadi kabati, kilinunuliwa na mke wake.

Mke huyo ndiye Mama Mita, muuza vitambaa sokoni. Alianza na meza moja na robota la kukopa, akaanguka, akainuka, sasa ana kibanda chenye rafu zinazofika darini. Mtaji wa kibanda kile haukuwa na mkono wa mtu mwingine. Kila alichopata alikizungusha, akanyimwa usingizi na mvua, panya na wateja wa mkopo, na hata bintiye wa pekee alipoolewa, mtaji haukuguswa. Kuhusu bei, basi, huyo alikuwa fundi. Majirani walimkodi kwa chai na vitafunio aende nao kununua magodoro.

Alistaafu Mzee Taratibu, kiinua mgongo kikaingia benki. Na mzee huyu, ambaye hakuna aliyekumbuka kumsikia akitaka kitu, akatamka mezani kwamba anataka gari jipya. Hakutaka lililotumika. Alitaka jipya kabisa, lenye nailoni kwenye viti.

"Maisha yangu yote nimekalia viti vya watu," alisema. "Nikifungua mlango nasikia manukato ya mtu mwingine. Safari hii nataka gari lisilonukia mtu."

Haikuwa tamaa tupu. Manesi wa hospitali ya jirani walishakubaliana naye awapeleke zamu na kuwarudisha, wamlipe kila mwezi. Kwa kazi ya namna hiyo gari bovu ni balaa, maana mgonjwa hangoji gari likatengenezwe. Na wenzake waliotangulia kustaafu, wakanunua magari yaliyochoka, siku hizi walionekana zaidi chini ya magari hayo kuliko ndani yake.

Mama Mita alimsikiliza hadi mwisho, akakunja kitambaa alichokuwa akikipinda.

"Kiinua mgongo ni jasho lako," alisema. "Kanunue hata ndege. Lakini mtaji wangu usiutazame. Gari, usajili wake, bima yake, vyote viingie ndani ya kiinua mgongo. Vikizidi hata kwa senti, hakuna gari. Tumeelewana?"

"Sawa," alisema Mzee Taratibu.

Tatizo ni kwamba vilizidi. Waliulizia huku na huku, na kila duka la magari mapya lilitaja bei ambayo, ukiongeza usajili na bima, iliruka juu ya kiinua mgongo kama mbuzi anavyoruka uzio. Haikuwa mbali sana. Ilikuwa mbali kiasi cha kumnyima mtu usingizi. Lazima bei ishuke, na aliyejua kushusha bei katika nyumba ile alijulikana. Jumamosi moja Mama Mita akafunga kibanda, akavaa viatu vyake vya harusini, wakaenda.

Duka la kwanza lilikuwa la vioo vitupu, na magari yamepangwa ndani yaking'aa hadi mtu anajiona meno. Kijana wa mauzo aliwapokea akinukia kuliko duka zima. Tangu mlangoni alimvika Mzee Taratibu kilemba cha ukoka: mzee unaonekana mtu wa maamuzi, mzee gari hili lilikuwa linakungoja wewe. Aliwaketisha, akawaletea maji, akaandika bei kwenye karatasi na kuigeuza.

"Sawa," alisema Mzee Taratibu.

Lilimtoka kabla hajajua. Kiatu cha harusini kikamgonga muundi wa mguu chini ya meza.

"Anasema sawa ameiona," Mama Mita alidakia. "Hajasema sawa tunalipa." Kisha, bila kupepesa, akataja bei yake. Ilikuwa theluthi ya ile ya kwenye karatasi.

Lazima tuseme ukweli, hakukosea. Sokoni ndivyo inavyokwenda. Muuzaji anataja bei ya kukutisha, mnunuzi anataja bei ya kumuudhi, mnacheka, mnaapa, mnatajiana ada za watoto. Mambo yakikwama mnunuzi anainua kikapu chake na kuondoka, polepole, akijua ataitwa. "Njoo basi, mama, njoo unifilisi." Anarudi. Bei ya kweli huanzia hapo. Mama Mita mwenyewe ameshawaita watu kwa namna hiyo hadi sauti imekauka.

Kijana hakucheka wala hakuapa. Alisema kwa adabu kwamba bei ni ya kampuni, na kwa kuwa mzee ameshaikubali, wanaweza kuanza kujaza fomu. Mama Mita akaona mambo yamefika penyewe. Alisimama, akamshika mumewe mkono.

"Basi tumeshindwana," alisema kwa sauti ya kusikika. "Twende zetu."

Wakaondoka. Waliupita mlango wa kioo, wakayapita magari yaliyooshwa, na Mama Mita akazidi kupunguza mwendo. Akasimama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Akasimama tena kusifia maua ya kwenye vyungu. Mlinzi aliwafungulia geti na kuwatakia siku njema. Wakatoka, wakasimama nje juani.

"Ataita," alisema Mama Mita.

Mzee Taratibu aligeuka akatazama. Kule ndani, nyuma ya kioo, kijana alikuwa tayari anampa mkono mteja mwingine.

"Haiti," alisema.

"Subiri kidogo."

Walisubiri kidogo, na kingine juu yake. Mlinzi akaanza kuwaonea huruma, akawauliza kama wanahitaji kuelekezwa kituo. Hapo Mama Mita akawaka. Njia nzima hakusema neno, na kwa mtu kama yeye hiyo ni hatari kuliko matusi. Walipofika nyumbani akavua viatu na kuvitupa chini ya kitanda.

"Wewe ndiye umeniponza," alisema. "Bei umeisalimia kabla sijaketi. Sawa! Mtu anakutajia bei ya kukuvua nguo, wewe unamwambia sawa. Ningepunguza nini tena hapo?"

"Limenitoka tu, mama."

"Limekutoka. Na kuanzia leo mimi siendi tena kudhalilika kwenye vioo vya watu. Ukitaka gari, nenda mwenyewe. Ila nakwambia jambo moja. Ukitajiwa bei, usiseme sawa. Sema lolote jingine, sema mvua imenyesha, lakini neno hilo usilitaje. Siku utakapolitaja, ujue umekwisha, maana kwangu hutapata hata senti."

Alitaka kujibu sawa. Akaitikia kwa kichwa.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Mzee Taratibu alishinda uani akitazama pale ambapo gari lingeegeshwa, pameshafagiliwa na mawe yameondolewa. Manesi walimtumia salamu kuuliza safari zinaanza lini. Mama Mita aliondoka asubuhi kwenda kibandani na kurudi jioni, akampakulia chakula, wakazungumza habari za binti yao, lakini gari halikutajwa. Mwezi ulipofikia ukingoni, mzee akaona kukaa hakusaidii. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Alinyoa ndevu, akavaa koti lake la kazi, akaaga kwamba anakwenda duka lile jingine, la barabara ya chini.

"Haya," alisema Mama Mita bila kumtazama. "Nenda."

Katika duka hili alipokelewa na dada wa mauzo, mtu mzima kidogo, mwenye sauti ya upole na viatu virefu vilivyomtesa. Alimwamkia vizuri, akamzungusha kwenye gari jeupe, akamruhusu aketi ndani. Mzee aligusa nailoni ya kiti kwa kidole, akavuta pumzi. Lilinukia upya tu. Moyo ulimdunda, na alijua moyo ukidunda neno lile huwa karibu.

Dada akampeleka kwenye chumba kidogo cha vioo chenye meza ya duara, kiyoyozi na bakuli la pipi. Mzee Taratibu alichagua kiti cha kuelekea ukutani. Kwa mazoea ya udereva hakupenda kukaa pasipo kuona nyuma, na kioo cha ukuta ule kilimwonyesha ukumbi mzima, hadi mlangoni kwa meneja. Dada akavua viatu kimyakimya chini ya meza, akadhani hajaonekana, akaandika bei, akaigeuza karatasi.

"Hii ndiyo bei yetu, mzee wangu. Humo mna usajili, bima, dawa ya kuzuia kutu na mazulia ya miguuni. Unasemaje?"

Ilizidi kiinua mgongo. Mzee Taratibu alifungua mdomo, neno likapanda kutoka kifuani, likafika kwenye meno. Akanyoosha mkono, akachukua pipi, akaimenya, akaitia mdomoni.

Si kwamba alikuwa bubu. Dada alipomuuliza habari za nyumbani alijibu, na alipomletea maji alimshukuru. Lakini kila karatasi ilipotajwa alinyamaza, kwa sababu alijikagua kichwani akakuta hana neno jingine la kumjibu mtu anayetaja bei. Lile moja alilokuwa nalo amekatazwa. Alitulia, mikono mapajani, akinyonya pipi.

Dada alingoja. Kiyoyozi kilinguruma. Akagonga kalamu mezani, akaangalia karatasi, akamwangalia mzee.

"Naona imekushtua kidogo," alisema hatimaye. "Ngoja nikamwombe meneja."

Akavaa viatu, akatoka. Kwenye kioo Mzee Taratibu alimwona akipita mlango wa meneja bila hata kuutazama, akasimama kwenye mashine ya maji, akanywa taratibu, akachezea simu, akajipapasa kisigino. Kisha akavuta uso wa mtu aliyetoka vitani na kurudi. Mzee hakumkasirikia. Yeye mwenyewe ameshawajibu mabosi kwamba yuko kwenye foleni ilhali alikuwa bado anafuta vioo. Kazi ni kazi.

"Meneja leo mgumu," dada alisema akiketi. "Lakini nimekupigania. Tunaiondoa dawa ya kutu." Akaandika bei nyingine.

Ilikuwa imeshuka, ila bado ilizidi. Mzee Taratibu akamenya pipi ya pili.

"Au kuna mahali umepewa bei nzuri zaidi?" dada aliuliza. "Wale wa barabara ya juu?"

Ni kweli alikwenda kwa wale wa barabara ya juu. Akaitikia kwa kichwa.

"Wamekwambia ngapi?"

Aibu ya siku ile ilishaifuta bei yao kichwani mwake. Hakukumbuka hata tarakimu ya kwanza, akaona haya kusema hivyo, akanyamaza. Dada akamtazama kwa makini. Alichokiona ni mzee mjanja anayeficha silaha yake. Akaanza kusema yeye. Akaeleza habari za mkopo, kwamba mzee atalipa kidogokidogo hata asihisi. Mzee aliwakumbuka wenzake waliolipa kidogokidogo hadi mishahara ikawa haifiki nyumbani, akatazama dari. Dada akaacha habari ya mkopo. Akaeleza kwamba gari jeupe lile ni la mwisho, mzigo mpya unakuja na rangi nyingine. Kisha, alipoona bado kimya, akajikuta anaeleza yasiyoulizwa, kwamba leo hesabu za mwezi zinafungwa, na kwamba ubao ule kule una majina yao wote na lake liko chini. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na safari hii hawakukosea.

Alipotoka mara ya pili hakupita kwenye mashine ya maji. Aliingia kwa meneja kweli. Kupitia mlango ulioachwa wazi mzee aliwaona wakizungumza, meneja akitupa mkono, dada akionyesha kidole kwenye ubao. Halafu wakatoka wote wawili.

Meneja alikuwa mrefu, tai imekazwa, miwani kichwani. Mzee Taratibu alipomwona tu akayeyuka. Watu wa namna hii ndio aliowafungulia milango maisha yake yote. Alitaka kusimama na kumpisha kiti. Meneja hakuketi. Alichukua kalamu, akaandika, akaizungushia duara.

"Mzee, tusizungushane. Bei hii hapewi mtu. Gari, usajili, mazulia, bima yako. Sawa?"

Akamtolea neno lile mwenyewe, tayari limemenywa, likisubiri kurudishwa tu. Mzee alitazama karatasi. Pengo lilikuwa limebaki dogo, kama bei ya bima peke yake. Akatupa mkono kwenye bakuli. Pipi zilikuwa zimekwisha; alizimenya moja baada ya moja bila kujua.

Hapo alikuwa na hali mbaya. Shingo ilimtoka jasho kwenye baridi ya kiyoyozi. Mtu mwenye tai amesimama anangoja jibu, na jibu liko kwenye ncha ya ulimi, na ni pesa kidogo tu, na Mama Mita hatazikosa. Lakini akamwona kichwani, amepanda kigoda akinyoosha mkono kwenye rafu ya juu kabisa, ile aliyoijaza mwaka huu baada ya miaka ya kuitazama ikiwa tupu. Pesa hizo kidogo ndiyo rafu hiyo. Akauma ulimi, kwa maana ya kuuma. Akarudisha mikono mapajani, akangoja.

Meneja akatazama saa. Akaishusha miwani, akaipandisha. Akatazama saa tena. Na Mzee Taratibu, akiwa amebana meno, akakumbuka jambo alilolijua siku zote bila kulitumia: katika maisha yake yote hajawahi kuona bosi anayejua kungoja.

"Haya," alisema meneja. "Bima ya mwaka wa kwanza juu yetu. Tusikeshe hapa." Akafuta, akaandika upya. "Mazulia utajinunulia. Tumekubaliana?"

Ilikuwa ndani ya kiinua mgongo. Mzee aliisoma mara mbili, akajumlisha kwa vidole chini ya meza. Ilikuwa ndani, na ilibaki kidogo ya kutia mafuta. Sasa aliruhusiwa kukubali, na ajabu ni kwamba hakujua akubali vipi.

"Ngoja kwanza," alisema, "nimpigie bosi wangu."

Dada wa mauzo akaangua kicheko, akajifunika mdomo kwa karatasi. Mzee alitoa simu, akapiga. Na simu ya Mama Mita, yenye mlio wa kuamsha mtaa, ikalia palepale ukumbini.

Wote waligeuka. Kwenye viti vya wageni karibu na mlango, nyuma ya nguzo, mwanamke alikuwa akihangaika kuizima simu, na mkoba mkubwa umemkaa mapajani. Alipoona ameonekana akasimama, akarekebisha nguo, akaja kama mtu aliyealikwa.

"Bei gani?" aliuliza, bila salamu.

Mumewe akamsogezea karatasi. Mama Mita aliisoma. Akarudi juu, akaisoma tena, kidole kikishuka mstari kwa mstari kutafuta pa kukata. Kidole kikafika chini bila kupata kitu. Akamtazama mumewe kwa muda, kisha akamgeukia meneja.

"Na mazulia?" alisema.

"Mpeni mazulia," meneja alimwambia dada, akaenda zake.

Waliandikiana, pesa zikahamishwa kutoka benki, risiti ikapigwa muhuri. Gari wangelichukua wiki inayofuata, likishasajiliwa. Dada aliwasindikiza hadi mlangoni, sasa bila viatu kabisa, akamshika mzee mkono wa kwaheri na kumwombea heri. Walipovuka geti, Mzee Taratibu akasimama.

"Umefika saa ngapi pale?"

"Nimekufuata nyuma tu."

"Kibanda je?"

"Kimefungwa."

Akautazama mkoba. Alikuwa ameukumbatia kwa mikono yote miwili kama mtoto mchanga.

"Humo mna nini?"

"Kwani mkoba wa mwanamke huwa na nini?"

"Mama watoto."

Mama Mita alitazama barabarani.

"Mtaji," alisema. "Nimepitia benki njiani, nikatoa kiasi ambacho nilijua kitapungua. Na cha akiba juu yake."

Mzee Taratibu hakusema kitu, na safari hii hakukatazwa na mtu. Ilimuuma. Iliingia ndani na ikamuuma kweli, kwamba alipokuwa mle akiuma ulimi kwa ajili ya rafu moja, mwenye rafu alikuwa nje ameshaibeba mkononi, tayari kuitoa.

"Kwa hiyo hukuniamini," alisema.

"Sikukuamini," alijibu Mama Mita. "Nimeishi nawe miaka yote hii, nikuamini vipi? Nilijua utasema sawa. Nikasema basi, akishasema, nitaingia nilipe inayozidi, yaishe."

"Ulisema hata senti."

"Nilisema. Ningekwambia kwamba nitaleta, ungejikaza?" Akaukumbatia mkoba zaidi. "Sikuogopa utanunua ghali, baba. Niliogopa utarudi bila gari, nikuulize imekuwaje, uniambie sawa tu, kisha ukaketi pale uani unatazama ardhi uliyoifagia. Nimekuona siku hizi. Vitambaa vinarudi. Nimeshaanza upya mara mbili, ya tatu isingeniua."

Mzee Taratibu alitaka kukasirika kidogo zaidi, maana alikuwa na haki yake. Hakuweza. Alimpenda mwanamke huyu, na hakukumbuka mara ya mwisho kumwambia, na hata sasa maneno yalimpita. Akajifuta uso kwa mkono wa koti.

Magari yalizidi kuwa mengi. Mama Mita alihamisha mkoba kutoka bega hili kwenda lile, akanyoosha vidole vilivyokufa ganzi. Fedha zile hakuwahi kumpa mtu azishike. Hata karani wa benki alimhesabia huku yeye Mama Mita amezikodolea macho.

"Hebu nishikie," alisema, akampa. "Mkono umechoka."

Mzee Taratibu akaupokea, akaubana kifuani ndani ya koti. Akamshika mke wake kwa mkono uliobaki, wakasimama ukingoni mwa barabara hadi gari la mwisho lilipopita, ndipo wakavuka kwenda kufungua kibanda.